KIGOMA MWISHO WA RELI, LAKINI MZIGO BADO UNA SAFARI

Msomaji wangu, wiki hii sikuletei habari za ukumbi wa dansi wala za nani kaachana na nani. Wiki hii niko Kigoma, na nimekuja kutazama mizigo. Ndiyo, mizigo! Usifunue ukurasa mwingine kwanza.

Nilitoka Dar kwa treni ya reli ya zamani, nikalala humo usiku mara mbili. Kilomita 1,250 na ushei si mchezo, mgongo wangu ni shahidi. Tabora wakapita na asali dirishani, Uvinza ikawa chumvi, na asubuhi ya mwisho milima ikaachana kidogo, mara paa! Maji. Maji mpaka macho yanachoka, na kule ng'ambo milima ya Kongo kama moshi.

Baba mdogo alikuwa ananisubiri nje ya jengo la stesheni, lile la Wajerumani.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Haya, huu ndio mwisho wa reli wenu."

"Si ndivyo mnavyojiita wenyewe?"

"Mwisho wa reli kwa abiria. Mzigo hapa ndio kwanza uko katikati ya njia."

Baba mdogo ni kuli. Amebeba magunia tangu mimi sijazaliwa, na bega lake la kulia lina sugu ngumu kama unyayo. Nilikuja nikidhani nitaandika juu ya mitambo. Nimerudi na habari ya mtu anayehesabu.

Siku ya kwanza akanipeleka Ujiji, maana mgeni asipopelekwa Ujiji hajapokelewa. Kila mtu anajua kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, tarehe 10 Novemba 1871, na maneno waliyosalimiana yameandikwa mpaka yamechakaa. Mimi nilichokipenda ni kingine. Livingstone alikuwa amefika Ujiji wiki chache kabla, mgonjwa, hana kitu, akitegemea kukuta shehena yake aliyotumiwa kutoka pwani. Kumbe wapi! Aliyekabidhiwa mzigo alishauuza wote. Mtu ametembea Manyema yote akijipa moyo kwamba Ujiji kuna nguo na shanga zake za kubadilishia chakula, anafika anaambiwa hakuna. Ndiyo maana Stanley alipotokea na wapagazi wake ilikuwa kama mvua ya masika.

Ujiji ndiyo ilikuwa bandari yenyewe siku hizo. Misafara kutoka Bagamoyo ilipitia Tabora ikaja kuishia hapo, na pembe za ndovu na watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa wakashushwa hapo. Burton na Speke walifika Februari 1858 kwa njia hiyohiyo. Mashine za kupakulia zilikuwa mabega ya watu, basi. Reli ilipokuja ikaikwepa Ujiji, ikateremka Kigoma kwenye maji ya kina, Februari 1914. Wazee wa Ujiji mpaka leo ukiwauliza juu ya jambo hilo wanakohoa kwanza.

Siku ya pili nikaomba ruhusa bandarini, nikavalishwa kofia ngumu na kizibao cha rangi ya chungwa. Nilijiona mhandisi! Hapo reli inaingia mpaka gatini: upande mmoja behewa, upande wa pili meli, kreni katikati. Unachotoa kwenye behewa unakipeleka Bujumbura, Uvira au Kalemie, na kusini kabisa Mpulungu, Zambia. Nchi nne zinakunywa ziwa moja la kilomita 673.

Macho yangu yalikuwa juu kwa dereva wa kreni, kama macho ya kila mgeni. Baba mdogo akanigusa bega. "Tazama chini."

Chini alisimama kijana mmoja, mkono hewani. Kidole cha shahada juu, kinazungushwa taratibu: nyanyua. Kidole chini, kinazungushwa: teremsha. Mkono umenyooka, kiganja chini, unapepea: simama. Yule wa juu haoni ndani ya tumbo la meli, anaona mkono tu. Anamtii mtu mmoja peke yake, asije akachanganywa. Lakini ishara ya kusimama, nikaambiwa, anaweza kuitoa yeyote, hata mfagiaji, na dereva lazima asimame kwanza, maswali baadaye. Nikafikiria ofisi ngapi mjini zingenufaika na sheria hiyo. Haya, tuendelee.

Halafu nikakutana na karani, dada wa rika langu, kaushika ubao wake wa kuandikia kama mtoto mchanga. Kazi yake ni kuhakiki kila kinachoshuka na kila kinachopanda. Nikamwuliza kwa ujinga wangu, "Dada, kuhesabu tu?" Alinitazama! Akanisogeza karibu na kontena.

Kila kontena duniani, alisema, lina jina lake mlangoni. Herufi nne, na ile ya nne kwa kawaida ni U, kisha tarakimu sita, kisha tarakimu moja pembeni iliyozungushiwa kisanduku. Hiyo ya kisanduku ndiyo mlinzi. Kila herufi ina thamani yake. Ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unaongeza mara mbili hivyohivyo mpaka ya kumi kwa 512. Jumlisha, gawa kwa 11, kinachobaki ndicho kiwe kwenye kisanduku. Akanipa mfano wa darasani, CSQU 305438. Nikatoa simu nikapiga hesabu, na jasho likanitoka kama niko kwenye mtihani wa kidato cha nne. Jumla 6,185. Gawa kwa 11, inabaki 3. Akafunua karatasi: kisanduku kina 3!

"Sasa ijaribu umekosea," akasema. "Andika 350 badala ya 305."

Nikaandika. Jumla 6,025, inabaki 8. Kompyuta ingekataa palepale. Kosa la kalamu moja, alisema, na sabuni ya mtu wa Bujumbura inalala Kalemie, halafu nenda kairudishe kwa meli gani?

Nikabaki mdomo wazi. Tangu nizaliwe naona makontena yamegeuzwa maduka ya soda na sijawahi kujua kwamba lile lango linafanya hesabu.

Masanduku hayo yana historia fupi kuliko unavyodhani. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani mmoja aitwaye Malcom McLean alipakia masanduku 58 kwenye meli iitwayo Ideal X kutoka Newark kwenda Houston, na toka hapo makuli wa dunia nzima wakaanza kupungua. Mzigo unafungwa kiwandani, unapigwa lakiri, unafunguliwa na mwenyewe. Katikati hakuna bega.

Lakini Kigoma ilishapokea masanduku kabla ya McLean hajapata wazo! Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli nzima, kikaifungua vipandevipande na kuifunga ndani ya masanduku kama 5,000. Yakaja Dar kwa bahari, yakaletwa huku bara. Mafundi watatu wakafuatana nayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Hebu fikiria wewe ndiye karani siku hiyo. Potea sanduku moja la ribiti, meli haisimami, na duka la karibu liko Ulaya! Lakini ilisimama, ikateremshwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe adui asiipate, ila kwanza wakazipaka injini grisi, kama mtu anayefunga mzigo wake akijua siku moja utafunguliwa. Na kweli, Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Mei 2015, karne moja baada ya kuteremshwa, ilikuwa Kagunga ikiwabeba wakimbizi wa Burundi kuwaleta Kigoma. Nani atasema masanduku yale hayakuhesabiwa vizuri?

(Kichekesho kingine: kwa mkataba wa mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi, kodi faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Mwenye nyumba wangu asisome hapa.)

Jioni hiyo nikamwuliza baba mdogo habari ya reli mpya. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Reli ya zamani upana wake ni mita moja kamili, hiyo mpya ni milimita 1,435, na treni zake zinabeba mzigo mzito zaidi.

"Ikija nitaitazama," akasema. "Saruji bado inakuja kwa mifuko." Akanyamaza. Kisha akasema, "Kesho amka mapema, uje uone bandari yangu."

Bandari yake ni ufukwe upande wa Kibirizi, na meli zake ni maboti ya mbao yenye mashine nyuma. Yanabeba saruji, unga, magodoro, kreti za soda, na juu ya hayo yote watu, kwenda vijiji vya kaskazini na ng'ambo. Yanarudi na dagaa na mawese. Hapo hakuna kreni. Makuli wanaingia majini mpaka kiunoni, mfuko begani.

Baba mdogo siku hizi habebi sana. Yeye ndiye anayepanga: saruji chini kabisa, katikati, magodoro juu, kizito kisiwe upande mmoja. Na anahesabu. Kila mifuko kumi inapopita anahamisha punje moja ya mahindi kutoka mfuko wa kushoto wa suruali kwenda wa kulia. Ubavuni mwa boti, karibu na mkuki wa mbele, kuna msumari mkubwa umegongewa mbaoni. "Maji yakifika kwenye msumari, basi," akaniambia. Uingereza walipata sheria ya alama kama hiyo mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupiga kelele miaka. Baba mdogo hajamsikia Plimsoll.

Asubuhi hiyo mwenye mzigo alikuja na karatasi: mifuko 120 ya saruji. Abiria walishalipa, akina mama na watoto wameshakaa juu. Baba mdogo akatia mkono mfukoni, akatoa punje mkononi, akazihesabu.

"Hapa kuna mifuko 133, bosi."

"Umekosea mzee. Karatasi hii hapa."

"Karatasi haikubeba."

Nikaenda kuchungulia. Msumari haukuonekana. Kila wimbi dogo lilikuwa linapanda juu yake, na upepo wa kusi ulishaanza kukunja ziwa huko nje. Mifuko 13 ya kilo 50 ni kilo 650, ni kama kuongeza watu wazima kumi ambao hawakukata tikiti. Bahari kubwa nako walijifunza kwa shida: tangu tarehe 1 Julai 2016, chini ya mkataba wa SOLAS, kontena halipandi meli ya baharini bila uzito wake kuthibitishwa, kwa sababu watu walikuwa wanaandika uzito wanaoutaka. Na sisi wa nchi hii hatuhitaji kukumbushwa na mgeni. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, watu zaidi ya 800 wakaenda nayo.

Maneno yakawa makali. Mwenye mzigo akasema vijana wa kupanga boti wako wengi ufukweni, wala hawana maringo. Ni kweli, walikuwepo, wanatazama. Mmoja akavuta hatua mbele, akamwona baba mdogo usoni, akajifanya anatafuta kandambili. Baba mdogo hakupaza sauti. Alinyoosha mkono, kiganja chini, akaupepea. Sijui aliitoa wapi ishara ile, labda siku ile bandarini. Nahodha, aliyekuwa ameshika mashine nyuma kimya muda wote, akainama kuangalia ubavu wa boti, akazima mashine.

"Toa kumi na tatu," akasema.

Zikatolewa, moja moja, vichwani mwa vijana walewale. Mama mmoja aliyekuwa juu ya magodoro akalalamika kwamba tunamchelewesha, ana msiba. Msumari ukatoka majini, umelowa. Boti likaondoka saa moja na nusu baada ya muda wake.

Mwenye mzigo alilipa vijana wote pale pale. Baba mdogo akaambiwa aje kesho.

"Utakwenda?" nikamwuliza.

"Nitakwenda. Hela yangu ile."

Tulipita mama ntilie tukala ugali na migebuka, nikalipa mimi. Nyumbani alikaa kizingitini akavua viatu, akatoa zile punje mfukoni, akawatupia kuku wa jirani, kisha akaniuliza treni yangu ya kurudi ni lini.