Maji Yaliyokauka Yamekwenda Wapi?



Wapendwa wanaparokia, juma hili tuliketi na watoto wa Utoto Mtakatifu baada ya mafundisho yao, na mmoja wao, wa darasa la nne, akatuuliza: nguo zikianikwa zikakauka, maji yake yamekwenda wapi? Nyumbani alikuwa amejibiwa kwamba yamekwisha. Shuleni alikuwa amekariri kwamba maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi, na kwamba hali zake ni yabisi, kimiminika na gesi. Alizitaja zote bila kukosea. Lakini hakuna aliyemwonesha kwamba maneno hayo yalikuwa na jibu la swali lake.

Tungependa wazazi, walezi na makatekista tulitafakari jambo hili. Maada ni somo la mikono kabla ya kuwa somo la daftari, na vifaa vyake vimo jikoni. Hapa kwetu mlimani, asubuhi za Julai, mafuta ya nazi huganda chupani hata yasitoke. Yakiwekwa juani, joto likapita nyuzi 24 hivi za Sentigredi, huwa majimaji tena, nayo ni mafuta yale yale.

Gesi ni ngumu zaidi kuifundisha, kwa sababu hewa haionekani. Basi mpeni mtoto bilauri, akandamize karatasi kavu kwenye kitako chake kwa ndani, aifudikize wima na kuizamisha katika beseni la maji. Akiitoa wima vilevile, atakuta karatasi bado kavu. Kitu asichokiona kilikuwa kimeikalia nafasi ile, maji yakakosa pa kuingia.

Kisha mtazame naye, kwa mbali kidogo, birika linalochemka. Wengi wetu huuita ule weupe mvuke. Mvuke wenyewe hauonekani. Umo katika ile nafasi iliyo kama tupu, karibu kabisa na mdomo wa birika. Weupe ni matone madogo mno ya maji, yaani mvuke uliokwisha kupoa. Lita moja ya maji ikichemka hadi kwisha birikani hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Na nguo hazihitaji kuchemka: jua na upepo huyachukua maji kidogo kidogo hewani, nayo siku moja hurudi kama umande au mvua. Hayakwisha. Antoine Lavoisier wa Ufaransa aliieleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1789: maada hubadilika, lakini jumla yake haiongezeki wala haipungui.

Hapa tunaomba tahadhari moja. Wapo wanaowafundisha watoto Fumbo la Utatu Mtakatifu kwa mfano wa barafu, maji na mvuke. Nia ni njema, lakini mfano unapotosha. Maji yale yale hayawi barafu, kimiminika na mvuke kwa wakati mmoja. Huiacha hali moja yakaingia nyingine. Mtoto ataelewa kwamba Mungu ni Nafsi moja inayobadili sura, na hilo ndilo fundisho la Sabelio, lililokataliwa na Kanisa mjini Roma katika karne ya 3. Ubatizo wa Bwana mtoni Yordani unafundisha vizuri zaidi: Mwana yumo majini, Roho anashuka, sauti ya Baba inasikika, na yote hayo ni kwa pamoja.

Mtoto anayeambiwa kwamba maji yamekwisha hujifunza mambo mawili: kosa la sayansi, na kwamba mkubwa hujibu ili aachwe apumzike. La pili ndilo zito, kwa maana atalikumbuka siku tutakapomfundisha yale yasiyoweza kupimwa kwa bilauri. Atatuamini katika yasiyoonekana iwapo tulikuwa wakweli katika yanayoonekana.

Kuuliza si ujinga. Juma hili mtoto akiuliza, tusimnyamazishe. Tunapojua, tumwoneshe, tusipojua, tumwambie, "Njoo tutazame pamoja."

Tunawatakia Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.