Hesabu ya Nyuzi

Watu wengi huitazama nguo kwa jicho la mnunuzi: huuliza bei, huipapasa, wakaenda zao. Nataka wewe, msomaji, uitazame kwa jicho la mwenye kuhesabu, maana iko nguo ambayo ajuaye kuhesabu nyuzi zake hujua pia jina lake.

Nguo hiyo ni tartani ya Uskoti. Hufumwa kwa sufu, na mistari yake hukatana kama mipaka ya mashamba yaliyopimwa. Siri yake ni nyepesi. Mfumi hutanda nyuzi za urefu kwa rangi na idadi maalumu. Tuseme nyeusi 4, nyekundu 24, nyeusi 24, manjano 4. Akifika mwisho hurudi nyuma kwa hesabu ile ile, kana kwamba anajitazama katika kioo. Kisha huupitisha mshindio, yaani nyuzi za upana, na aghalabu huufuatisha hesabu hiyo hiyo. Rangi ikutanapo na nafsi yake hubaki safi; ikutanapo na nyingine huzaa rangi ya tatu ambayo mfumi hakuitia. Kwa hiyo rangi 3 za uzi huonekana 6 katika kitambaa, na rangi 6 huonekana 21. Fundi aliyepewa karatasi yenye hesabu na rangi zake, awe Edinburgh au awe Embu, aweza kuifuma nguo ambayo hajapata kuiona.

Chukua tartani iitwayo Black Watch. Ina buluu, kijani na nyeusi, zote zimekoza hata kwa mbali hudhaniwa giza tupu. Itie mstari mwembamba wa manjano, utapata ya Gordon. Itie mweupe na mwekundu, utapata ya Mackenzie. Nyuzi chache tu, na jina limebadilika.

Black Watch ni jina la kikosi cha askari kabla ya kuwa jina la nguo. Baada ya uasi wa 1745, sheria ya Uingereza ya 1746 iliwakataza wanaume na wavulana wa nyanda za juu za Uskoti kuvaa mavazi yao ya asili. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi 6. La pili, kupelekwa ng'ambo miaka 7. Askari wa mfalme peke yao waliachiliwa kuyavaa. Marufuku hayo yaliondolewa 1782. Kikosi hicho kilitumwa Kenya kati ya 1953 na 1955, siku za hali ya hatari, wakati watu wengi wa miteremko ya Mlima Kenya walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji vya amri. Naona ajabu kwamba vazi lililopigwa marufuku kwa ajili ya uasi lilikuwa vazi la kikosi kilichokuja kuuzima uasi wa wengine.

Tangu 2009 Waskoti wana daftari la serikali la tartani, lililowekwa kwa sheria ya Bunge lao ya 2008. Aombaye kuandikisha hutaja jina, rangi na idadi ya nyuzi. Daftari hilo halimpi mtu milki kama hati ya shamba. Lakini ni ushahidi, na ushahidi si kitu kidogo.

Sasa turudi Manyatta, mji wa Embu wenye jina la Kimaasai. Shuka yenye mirababa myekundu na myeusi, au myekundu na ya buluu, waijua bila kuelezwa. Wamaasai walivaa ngozi kabla nguo za pamba hazijashika mahali pake. Shuka ilipovuka bahari na kuigwa katika mavazi ya kiume ya Louis Vuitton ya 2012, dunia nzima iliitambua ni ya nani. Lakini nyuzi zake ngapi? Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni imezipa serikali za kaunti kazi ya kuyaandikisha mambo ya namna hii. Daftari laweza kufunguliwa na karani; cha kuandika ndani yake yatakikana kitoke kwetu.

Anzia nyumbani, kwenye kiondo. Hesabu mizunguko kutoka kitakoni hadi mstari wa kwanza wa rangi, kisha upana wa mstari wenyewe, kisha nafasi iliyo katikati yake na wa pili. Andika rangi na idadi. Katika shuka, anza katikati ya mstari ambapo mpango hugeuka, uhesabu hadi ugeukapo tena. Kisha hesabu upande wa pili, kwani si lazima pande mbili zilingane. Halafu mwendee bibi aliyekisuka kiondo, umwamkie, umwulize kila mstari waitwaje kwa Kiembu, na jina hilo uliandike kando ya idadi yake, naye akingali hai wa kukusahihisha.