Chuma ni chuma? Zii!

Wasee, hii stori ya "chuma ni chuma" huniudhi. Enda Kamukunji umcheki fundi wa jua kali akifua tindo kutoka kwa springi kuukuu ya gari. Akiichovya majini ikiwa nyekundu, inakuwa ngumu lakini inavunjika ovyo. Akiipasha tena moto kidogo, inavumilia nyundo. Akiiacha ipoe polepole, inabaki laini. Chuma ni kile kile! Kinachobadilika ni mpangilio wa ndani. Kisugue hadi king'are, kipake asidi kidogo, kiangalie kwa hadubini: chembe zimejipanga tofauti kabisa. Fundi hana hadubini, anasoma rangi ya moto kwa macho. Kwangu mimi, hiyo ni sayansi. So ukianza kumkatia bei, jua haununui chuma tu. Unanunua hayo macho.