Mwitongo, na mahame yetu

Jamani, nina aibu moja ya kukiri. Nimekulia Bunda, na kila Oktoba 14 inapokaribia naandika habari za Mwalimu. Lakini Butiama nilikuwa sijawahi kukanyaga! Habari zote nilizipika mezani, Dar. Mwezi uliopita nikasema basi, imetosha.

Nilianzia Musoma, mji uliokaa kwenye rasi iliyoingia Ziwa Victoria. Hata jina lake latokana na omusoma, yaani rasi. Nikapita Shule ya Mwisenge, alikoanza kusoma mtoto wa Mtemi Burito mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Alitoka Butiama kwa miguu, maili 26. Mimi nilipanda Hiace, na bado nikalalamika tumebanana.

Ukifika Makutano unachagua. Njia moja inakwenda Tarime na Sirari kwa kuvuka Mto Mara pale Kirumi. Ndio mto ule ule wa nyumbu mnaowaona kwenye televisheni, unatoka milima ya Mau, Kenya, unapita Serengeti na kuishia ziwani. Njia nyingine inakwenda Bunda hadi Mwanza. Mimi nikashika ya Butiama.

Butiama ni vilima na mawe makubwa yaliyopandana. Mwalimu amelala Mwitongo, nyumbani kwao, jirani na makaburi ya wazazi wake. Upo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wameuheshimu tangu enzi, na ipo makumbusho iliyofunguliwa Julai 1999, miezi mitatu tu kabla hajafariki London.

Kilichonikaba ni jina lile, Mwitongo. Huku kwetu itongo ni mahame, mahali watu walipoishi wakahama. Kumbe Mwalimu alirudishwa kwenye mahame ya wazee wake. Je, ya kwetu yako wapi?

Nikapitia Bunda kumuuliza bibi. Akaniambia mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwakuta upande wa Nyamuswa. Babu akaamriwa avunje nyumba, ahamie kijiji kipya kando ya barabara. Mwaka huo huo, Novemba, TANU wakapitisha Azimio la Musoma ili ifikapo 1977 kila mtoto awe anapata elimu ya msingi. Baba yangu alisoma kwa sababu hiyo, nami nikasoma kwa sababu yake.

"Kwa hiyo bibi, tumlaumu au tumshukuru?"

"Mjukuu wangu, shule tulitaka, tukaipata. Lakini baba mkwe wangu tulimwacha kule peke yake."

Jumamosi tukaenda, mimi, bibi na baba mdogo. Tulikuta minyaa iliyoota ovyo na mafiga matatu. Kaburi bibi alilitambua kwa mawe. Akainama kung'oa majani, hakutaka tumsaidie. Alipomaliza akauliza kama kuna mtu amekuja na maji ya kunywa.

Oktoba ijayo nitaandika tena juu ya Mwalimu, na safari hii bibi naye atakuwamo, maana historia ya Mara si kaburi moja. Nawe msomaji, mahame ya kwenu unayajua? Waulize wazee mapema, mawe yenyewe hayasemi.