Arobaini Nini?



Sisi watu wa Lubumbashi twajua Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha shule. Lakini Kasumbalesa si mbali, na ng'ambo ya mpaka, katika Zambia, mambo ya serikali huandikwa kwa Kiingereza. Tena tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana jioni nawafundisha vijana na akina mama wa mtaani Kiingereza kidogo. Somo linalowasumbua sana ni hili: majina yanayohesabika na yasiyohesabika.

Mama mmoja, mwuza unga, alimwandikia mfanyabiashara wa ng'ambo kwamba ataka «40 flours». Akaulizwa: arobaini nini? Mifuko ya kilo 25, au ya kilo 10? Walipokwisha kuelewana, lori lilikuwa limeondoka. Mama akangoja mpakani siku mbili, akila fedha aliyoiweka kwa karo ya watoto.

Kumbe kanuni hii twaijua tangu utoto! Nani sokoni husema, «Nipe unga tatu»? Twasema kopo tatu za unga, chupa mbili za mafuta. Waingereza nao hufanya vivyo hivyo. «Flour», «rice», «salt» na «water» hayaongezwi «s». Kinachohesabiwa ni chombo au kipimo: «two bags of flour».

Ugumu waanza pale lugha zetu nyingine zinapotuvuta kando. Mfaransa husema «des conseils», «des informations», «des meubles», nasi twasema mashauri matatu. Basi mwanafunzi huandika «three advices». Lakini kwa Mwingereza shauri ni kama unga: lazima litajwe fungu lake, «three pieces of advice». «Information», «furniture» na «luggage» ni vivyo hivyo. «News» nalo lina «s» mwishoni, walakini ni umoja: «the news is good».

Wanafunzi wangu hubisha: «Mwalimu, mbona fedha twazihesabu mchana kutwa?» Nawajibu: mwahesabu franka, dola na kwacha, jina «money» lenyewe halihesabiki. Tena tazameni: maharagwe ni «beans», huulizwa kwa «how many», mchele ni «rice», huulizwa kwa «how much». Hakuna ahesabuye punje za maharagwe sokoni, wala za mchele. Hivyo tusitegemee macho tu; kila jina tujifunze pamoja na desturi yake.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuandika namba kwa Kiingereza, jiulize mwenyewe: arobaini nini? Kama jibu ni mfuko, kilo au chupa, liandike palepale mbele ya jina: «40 bags of flour, 25 kg each». Ni maneno machache tu, lakini yaweza kuokoa safari nzima, na karo ya watoto pamoja nayo.