Samadi ya Kitale, Mahindi ya Ujerumani

Taja bayogesi mbele ya Mkenya anayeishi Ujerumani, na mara moja atafikiria yale matangi makubwa yenye mapaa ya turubai yaliyovimba kando ya mashamba. Kisha atasema shule zetu zenye ng'ombe kule Kitale na Bungoma ziige. Nasema zisiige. Sheria ya mwaka 2000 iliwahakikishia wakulima wa huku Ujerumani bei ya umeme kwa miaka 20, marekebisho ya 2004 yakaongeza malipo kwa mazao yanayopandwa kulisha mtambo, na mitambo ikazidi 9,000. Mingi ikawa inakula mahindi, hata ikabidi mwaka 2012 mitambo mipya iwekewe kikomo cha asilimia 60 ya mahindi katika chakula chake. Waeleze hayo wakulima wa Trans Nzoia, ambako gunia la mahindi ndilo karo ya mtoto!

Cha kuiga ni mkataba unaolipia kazi ya kulisha mtambo. Mtambo wa Mjerumani ukishinda njaa, mwenyewe anapoteza hela siku hiyo hiyo. Shuleni hapotezi mtu. Kila asubuhi lazima mtu achanganye samadi na maji, ndoo kwa ndoo, atoe mawe na mabua ya nepia, amimine na kukoroga. Kazi hiyo huachiwa kijana wa shamba ambaye bado hajamaliza kukamua. Shule zikifungwa, gesi haina mpishi, na salfa iliyomo ndani yake inakula vali na jiko polepole. Mwalimu mkuu aliyeuanzisha akihamishwa, mtambo unabaki yatima.

Mhasibu wa shule ataniambia gesi yenyewe ni kidogo, na yuko sahihi. Ng'ombe 20 wanaofugwa zizini, ukizoa kilo 15 kwa siku kwa kila mmoja, ni kilo 300, yaani mita za ujazo 10 hivi za gesi, zinazookoa kama kilo 50 za kuni. Hapo huchemshi nyoyo (mahindi na maharagwe) ya wanafunzi 800. Kitale, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, baridi huwachelewesha vijidudu wanaotengeneza gesi kuliko Bungoma iliyo chini zaidi; Wajerumani hupasha matangi yao moto hadi nyuzi 40 hivi, jambo ambalo shule haiwezi kumudu, kwa hiyo tangi la Kitale lazima lizikwe na liwe kubwa zaidi. Lakini uji na chai ya asubuhi vitaiva, na maabara itapata moto. Tope linalotoka bado lina naitrojeni yake: likirudishwa kwenye nepia na sukuma, linapunguza mbolea ya kununua, na hapo ndipo mshahara wa mlishaji unapoweza kutoka. Hesabu za wafadhili hupenda kuhesabu gesi na kulisahau tope.

Kwa hiyo, wanafunzi wa zamani mlio huku, mkiombwa mchango wa tangi, ulizeni kwanza kama mshahara wa mlishaji umo kwenye bajeti ya bodi, likizo zikiwemo. Kama haumo, inunulieni shule ng'ombe mwingine wa maziwa.