Sindano Iliyosimama Hewani



Nawaletea habari ya nyumbani kwangu. Ijapokuwa yanitia aibu, huenda ikamfaa mzazi mwingine.

Jioni moja mwanangu, mwenye umri wa miaka 11, alinijia mbio akisema, "Baba, nimeisimamisha sindano hewani, wala haikushikwa na kitu juu!" Nalikuwa nimechoka kwa safari. Nikamjibu kwa ukali ya kwamba kitu kisichoshikwa huanguka, na mtoto asemaye uongo hulala bila kula. Akalala na njaa. Mama yake akanitazama, asinene neno.

Kulipokucha akaniambia kwa adabu, "Baba, tafadhali njoo utazame."

Alikuwa ametoa sumaku katika redio iliyoharibika, akaifunga chini ya fimbo iliyolazwa juu ya marundo mawili ya vitabu. Kisha alikuwa ametunga uzi katika sindano ya mama yake, na mwisho wa uzi ameukandamiza mezani kwa jiwe. Sindano ilisimama wima, uzi umekazika, na kati ya ncha yake na sumaku palikuwa na nafasi ya upana wa kidole. Nikapitisha karatasi katika nafasi ile, sindano haikuanguka. Nikapitisha jani la mgomba; ikakaa vile vile. Ndipo mtoto alipoingiza ubapa wa mkasi karibu na sumaku, na mara sindano ikaanguka! Kumbe chuma cha mkasi huipokea nguvu ya sumaku na kuigeuza njia, hata ile ifikayo chini hupungua.

Tukaisimamisha tena, nikauvuta uzi chini polepole. Sindano ikakaa, ikakaa, kisha ghafula ikaanguka. Hapo nikaona jambo ambalo nalilisoma zamani bila kulitia moyoni. Nchi huvuta vitu vyote, mti na jiwe na chuma, bila kuchagua. Naye Isaac Newton alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1687 ya kwamba nguvu iangushayo tunda ndiyo iushikayo mwezi katika njia yake. Lakini sumaku huchagua: chuma huivuta kwa nguvu, bali shaba na mti haivivuti. Tena nguvu yake hupungua upesi sana kitu kikiwa mbali, na mvuto wa nchi kutoka mezani hata darini haubadiliki kwa kadiri ya kuonekana. Basi fikirini: nchi nzima yaivuta sindano chini, na kipande kitoshacho kiganjani chaishinda, maadamu kipo karibu!

Mwisho tuliisugua sindano kwa sumaku mara nyingi, kwa upande mmoja tu, tukailaza juu ya jani dogo katika bakuli la maji. Jani likageuka taratibu, likatulia, sindano ikielekea kaskazini na kusini. William Gilbert, tabibu wa Uingereza, aliandika mwaka 1600 ya kwamba nchi yenyewe ni sumaku kubwa. Na bakuli letu lilishuhudia.

Wasomaji, mtoto hakusema uongo. Mimi ndimi niliyehukumu kabla ya kutazama, na hasira ni hasara. Nalimwomba radhi mbele ya mama yake na ndugu zake, na siku ile nikampakulia chakula kwa mkono wangu mwenyewe. Akacheka, akauliza, "Baba, na mwezi je, uzi wake u wapi?"

Nawasihi mlijaribu jambo hili pamoja na watoto wenu. Lakini sumaku ndogo zenye nguvu ziwekeni mbali na wachanga, kwa maana zikimezwa mbili hunasana tumboni na kuyatoboa matumbo. Na mtoto akija mbio na neno la ajabu, kwanza nendeni mkatazame.